"Yote Haya Yatakuwa Yako": Deni la Washua wa Mikumi na Kilosa

Kitaa cha Mikumi kinamjua mtoto wa mshua kwa mali ya baba yake. Yule wa gesti. Yule wa mashine ya kukoboa. Yule wa malori. Yule wa ekari za miwa kule Ruhembe. Akipita na pikipiki ya nyumbani wana wanamwita bosi, na akichelewa kutoa buku ya kahawa kijiweni wanamaindi, maana kwao si zipo? Ila kaa naye pembeni umuulize ana shilingi ngapi zake mwenyewe, za kutumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Wengi wanaangalia chini.

Chukua huyu wa gesti. Semi za kwenda Tunduma zinapaki Mikumi usiku mnene, dereva na utingo wake wanagonga geti saa nane. Nani anaamka? Dogo. Anaandika kwenye daftari la wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Anachomoa funguo yenye kibao cha mbao, anatoa kipande cha sabuni na kandambili, anarudi kwenye godoro lake nyuma ya kaunta. Saa kumi na moja anawaamsha wanaowahi safari. Kukikucha anahesabu shuka za kufua, anapiga hesabu ya usiku mzima na kuikabidhi kwa mshua mpaka jero ya mwisho. Dada wa usafi analipwa mwisho wa mwezi. Mlinzi analipwa. Dogo anapewa ugali, godoro na maneno haya: "Mwanangu, unahangaika na mshahara wa nini? Yote haya yatakuwa yako."

Amefika miaka 27 na bado anaambiwa hivyo hivyo. Ana demu anayetaka kujua wanaelekea wapi, na hana jibu, kwa sababu jibu liko kwenye kifua cha mshua.

Msimamo wangu ni huu. Mzazi mwenye mpunga anadaiwa na mtoto wake vitu viwili. Cha kwanza ni malipo ya kazi, kama anamtumikisha kwenye biashara. Cha pili ni mwanzo: ufundi, ardhi au mtaji, kimoja kati ya hivyo, mkononi, mzee akiwa hai na karatasi ikiwa na jina la mtoto. Bata hadaiwi. Ndinga hadaiwi. Mikeka ya mpira iliyochanika na kausha damu uliyokopa kwa siri hadaiwi hata senti. Nasema hivi kwa lugha ya kitaa na namaanisha kila neno. Jimbo la Mikumi lilimpeleka rapa Professor Jay bungeni mwaka 2015, kwa hiyo mambo mazito huku hayaogopi lugha ya mtaani.

Najua wana watasema nini, wengine wameshaniambia usoni: mshua hadaiwi kitu, alisota mwenyewe, na wewe kasote. Hiyo hoja naiheshimu. Wazee wengi wa Mikumi wenye majengo leo walifika hapa na begi moja, wengine wakining'inia kwenye lori kama utingo. Waliuza chipsi, waliuza mkaa, wakalala chini. Lakini wasikilize vizuri wanaposimulia. Kuna kipande wanakipita haraka: "basi nikaomba eneo kijijini, nikapewa." Hapo ndipo mlango ulipokuwa, na leo umefungwa. Upande mmoja kuna Hifadhi ya Mikumi, iko pale tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, huwezi kuchomeka hata mche wa mhogo. Ukigeukia Kimamba na Rudewa unakutana na mashamba makubwa ya mkonge yenye wenyewe, hata yale yaliyoota vichaka. Panapobaki, mkulima na mfugaji wanapagombea. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni zaidi ya watu 30 waliuawa kwenye ugomvi wa aina hiyo, na Kilosa nzima inakumbuka. Na tangu treni ya SGR ianze kupita Kilosa mwaka 2024, nani anakuuzia kiwanja kwa bei ya kirafiki? Kijana anayeambiwa "anza kama nilivyoanza" anapelekwa kwenye foleni ambayo dirisha lake halipo tena. Na mara nyingi ekari ambayo angeomba kijijini ndiyo hiyo hiyo mshua anayo, imekaa tu, inasubiri bei ipande.

Milango mingine nayo inafungwa kwa sababu ya huyo huyo mshua. Ukiomba Bodi ya Mikopo, inatazama uhitaji, na uhitaji wako unapimwa kwa mfuko wa mzazi. Halmashauri inatenga asilimia nne ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya vijana, ila jaribu kuingia kikundi ukiwa mtoto wa gesti. Wana watakuuliza, wewe na sisi wapi na wapi? Kwa hiyo dogo ni tajiri kwenye macho ya ofisi na ya kitaa, na ni kapuku kwenye droo yake. Hali hiyo imetengenezwa na mtu mmoja tu, na ni yule aliyeshika funguo.

Sheria ya nchi iko upande wa mtoto kuliko washua wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inamtaka baba awape watoto makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake na hadhi yake. Soma hapo mara mbili. Haikusema kiwango cha chini cha kuishi. Mwenye malori hapimwi kwa mizani ya muuza karanga. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikarudia wajibu wa matunzo, ikaongeza kwamba mtu asimnyime mtoto kunufaika kwa kiasi cha haki na mali ya mzazi wake. Tatizo ni kwamba sheria inamtazama mtoto mpaka miaka 18, labda na kidogo mbele kama bado yuko masomoni, na kwenye 18 ndipo moto unapowaka. Shule ya serikali haina ada mpaka kidato cha sita tangu 2022, kwa hiyo mshua wa leo hata ule mzigo uliowavunja mgongo wazazi wa zamani hana. Akimaliza dogo kidato cha nne na alama za kuungaunga, chuo cha VETA kipo hapo hapo Mikumi: umeme, magari, upishi. Nimeona mshua mwenye fuso akisema hana hela ya kumpeleka binti yake VETA, wiki ileile akanunua matairi sita. Binti alikuwa anataka umakanika. Angeitengeneza hiyo fuso.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho ukiwa Dar huwezi kukielewa vizuri. Wenyeji wa Kilosa, Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, wanahesabu ukoo kwa mama. Kwa mila ya zamani mali ya mwanaume haikwenda kwa mtoto aliyemzaa. Ilikwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake, maana hao ndio damu ya ukoo wake. Mtoto wa kumzaa naye alikuwa na wa kwake: mjomba. Ukiitazama kwa utulivu hakuna aliyeachwa juani. Kila kijana alikuwa na mkubwa mmoja anayejua kwamba anadaiwa naye.

Leo huo mnyororo umekatika katikati. Mjomba yuko Mbagala anapambana na kodi ya chumba. Na mshua wa Kilosa, nasema kwa uchungu kwa sababu nimeyasikia kwa masikio yangu, anatumia mila upande unaompendeza. Mtoto akiomba ekari, anaambiwa nenda kwa wajomba zako, ukoo wako uko kule. Wapwa wakija, wanaambiwa nina watoto wangu wa kulea. Wote wanaondoka mikono mitupu. Halafu siku ya arobaini wanakutana kwenye mkeka mmoja, watoto upande huu, wapwa upande ule, na mwenye majibu yuko kaburini.

Changanya na wageni tuliojaa Mikumi, na kila mtu kaja na utaratibu wake. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata baba inamweka mtoto wa kiume wa kwanza mbele, na mabinti mwishoni kabisa. Kwa Waislamu, ambao Kilosa ni wengi, mafungu ya urithi yanajulikana na wosia hauvuki theluthi. Lakini dini hiyo hiyo haikumwacha mzee huru kugawa anavyojisikia akiwa hai. Kuna hadithi ya Nu'man bin Bashir, mashehe wanaijua: baba yake alitaka kumpa yeye zawadi peke yake, Mtume akamuuliza kama watoto wengine nao wamepewa, na akamkataza kuwabagua. Yaani zawadi ya uhai ipo, inaruhusiwa, na inatakiwa iwe ya haki. Mshua anayeogopa kwamba mafungu ya mirathi yatamwacha binti yake na kidogo ana muda wa kutosha wa kumpa kitu leo mchana.

Na wasikudanganye kwamba haya ni matatizo ya wasiosoma. Reginald Mengi, mwenye IPP, alifariki Mei 2019. Wosia wake wa 2017 ulimpa mali mkewe Jacqueline, yule K-Lynn tuliyemsikiliza kwenye redio, pamoja na watoto wao mapacha. Watoto wakubwa waliachwa nje. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaukataa wosia huo, na moja ya hoja ilikuwa kwamba watoto hao walinyimwa bila sababu kuelezwa. Shauri likaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Rufani. Simhukumu mtu kwenye familia ile. Ninachokiona ni kwamba tajiri aliyekuwa na mawakili wote wa Dar bado aliacha swali moja halijajibiwa mezani, familia ikalijibu mahakamani. Mwenye gesti ya vyumba 12 ataacha maswali mangapi?

Ndiyo maana nang'ang'ania neno hai. Ardhi ya kijiji inapimwa na kutolewa hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mzee anaweza kwenda halmashauri ya kijiji na kusema ekari hizi mbili ni za binti yangu, iandikwe. Wasichana nawataja kwa makusudi. Kwenye nyumba nyingi za kishua huku, binti ndiye anayeshika duka la pembejeo, anajua nani anadaiwa mbolea na nani kalipa, halafu shamba linaandikwa jina la kaka ambaye hajui hata mpaka uko wapi. Kisa? Binti ataolewa. Kwani akiolewa anaacha kula?

Na mshahara wa mtoto kwenye biashara ya nyumbani uwe mshahara kweli, mdogo sawa, wa kujulikana, wenye tarehe. Ukimlipa laki na nusu kwa mwezi anajifunza kupanga, kuweka akiba, kukosea kwa hela yake. Usipomlipa atajilipa. Nani hajui gesti ambayo vyumba viwili kila usiku haviandikwi kwenye daftari? Mshua anasema nimezaa mwizi. Mimi namuuliza, ulitaka anunue vocha na nini?

Upande wa pili nao niseme bila kupepesa macho. Mtoto aliyelipiwa chuo, akapewa mtaji, akaulia Morogoro mjini kwenye bata la wikiendi tatu, huyo kashalipwa. Akirudi kuomba tena, mzazi hana deni, ana huruma tu kama anayo. Mwanzo ni mmoja. Mshua aseme wazi siku anautoa: huu ndio wako, hakuna wa pili. Wengi hawatoi kwa sababu wanaogopa mtoto ataharibu, na kweli wengine wanaharibu. Ila kuharibu mifuko 20 ya mpunga ukiwa na miaka 24, mzee yupo, anakufokea na kukuonyesha ulipoteleza, kuna faida. Kurithi kila kitu ukiwa na miaka 45, hujawahi kusaini hundi, ndugu 11 wanakutolea macho, hapo ndipo gesti zinapouzwa.

Yuko mzee mmoja upande wa Kidodi, mkulima wa miwa, nilikaa naye barazani kwake nikitaka kumsikia mtu aliyefanya. Watoto wanne, wawili wa kike. Kila mmoja kamkatia ekari, na kila mmoja ana uanachama wake kwenye chama cha wakulima, miwa ikipimwa kiwandani malipo yanaingia kwa jina lake. Kifungua mimba aliuza miwa yake changa shambani kwa bei ya kutupa, akafeli msimu mzima, mzee hakumfidia. Binti wa tatu msimu uliopita aliwalipa wakata miwa kwa hela yake, kabla ya kaka zake. Nikamuuliza kuhusu wapwa. Akanyamaza, akaniambia mmoja amempa nusu ekari, wengine bado wamenuna, wanasema mke wake kamroga akasahau ukoo. Kikao kimeitwa mwezi ujao kwa dada yake mkubwa. Anasema ataenda, na karatasi zote anazo kwenye bahasha ya kaki, atawasomea moja moja.