Nabii Akikukataza Kuuliza, Shtuka!

Msee wa Kikambala, Shakahola si mbali, ni Kilifi hii hii yetu. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watoto wakiwemo. Mhubiri Paul Mackenzie anadaiwa kuambia waumini wafunge hadi kufa ndio wamwone Yesu. Amekana mashtaka.

Sasa nabii feki utamjuaje? Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisipotimia, si la Mungu. Poa, lakini kama umeambiwa usile, utangoja litimie hadi lini? Cheki mapema. Paulo mwenyewe aliambia Wathesalonike wapime kila kitu, kwa hivyo kuuliza si dhambi. Akikataza mtoto hosi ama shule, akitaka uuze shamba uhamie kwake, toka. (Mambo ya kupanda mbegu na M-Pesa tutabonga siku nyingine.) Na ukitoka, usiache mathee ndani.