Mtoto wa Tabora na nyimbo za wakubwa

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kaze mwaka 1857, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, Wanyamwezi walikuwa tayari wanasifika kwa upagazi kuanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika. Katika aliyoandika kuwahusu limo jambo dogo la kuvutia: hata watoto walijitwisha begani kipembe kidogo cha ndovu, wakijivunia kuiga kazi ya baba zao. Kazi hiyo ilikuwa na wimbo wake. Msafara uliongozwa na kirangozi, aliyetembea mbele na kuanzisha wimbo, na safu ndefu ya watu waliolemewa na mizigo ikaitikia nyuma yake. Ni vigumu kumfikiria mtoto akiigiza mzigo na kuuacha wimbo.

Tangu enzi hizo muziki wa Tabora umegeuka mara nyingi. Ila kwa zaidi ya karne moja, mtoto alisikia kile kile alichosikia mkubwa, saa ile ile na mahali pale pale. Hapo ndipo kizazi cha leo kinapoachana na vilivyotangulia.

Mafunzo ya muziki huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mimba ikiwa na miezi sita hivi, mtoto huanza kupokea sauti akiwa bado tumboni. Akishazaliwa, hujifunza kwa mwili mzima. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mdundo usio na mkazo popote. Wengine walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo uliolingana na alivyorushwa. Kwa mama anayetwanga mtama huku mwanawe yuko mgongoni ndani ya kanga, utafiti huo unathibitisha jambo analolifanya kila siku. Mchi ukishuka, mtoto anashuka nao. Kinu kinamfundisha hesabu ya mapigo kabla hajajua kusema.

Akikua kidogo, zamani alikutana na ngoma shambani. Unyamwezini na Usukumani vikundi vya kulima vilikwenda na manyanga na nyimbo za jembe, na watoto walikuwepo pembeni, wakichota maji, wakifukuza ndege, wakishika viitikio. Baadaye likaja beni, ngoma ya pwani iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, ikasambaa bara pamoja na askari, wapagazi wa jeshi na makarani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na katika miaka iliyofuata vijana wa miji ya Tanganyika waligawanyika kati ya vyama vya beni vya Marini na Arinoti, kila upande na sare zake na vyeo vyake. Wazee wa wakati huo waliliona beni kuwa utundu wa vijana, kama wazee wa sasa wanavyoiona singeli.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa karibu mapito ya misafara. Wapagazi waliachiwa mizigo midogo, lakini magitaa na sahani za santuri zilipata usafiri. Katika miaka ya 1950 Salum Zahoro na bendi ya Kiko Kids walikuwa wakiuchangamsha mji. Wakafuata Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wale wa mtindo wa segere matata. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam ilichukua jina lake huku, kwa kuwa iliundwa na watu waliotoka Jimbo la Magharibi. Tabora Jazz ilimpata Shem Karenga, mwanamuziki mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, na wimbo wa "Dada Asha" ukapita mipaka ya mkoa na ya nchi.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia dansini. Muziki ulikwenda kuwatafuta nyumbani, kupitia Radio Tanzania. Redio ilikuwa moja, ya betri, aghalabu ikiwa juu ya kabati au dirishani, na mwenye kuigusa alikuwa baba. Jioni mtoto alisubiri kipindi cha "Mama na Mwana" na hadithi za Deborah Mwenda. Saa nyingine zote alimeza alichochagua mkubwa: taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji, dansi. Hakuna aliyemfundisha Tabora Jazz, lakini aliijua.

Malezi ya namna hiyo yana alama inayopimika. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick walichapisha nchini Marekani utafiti juu ya vijana wa umri wa miaka ishirini hivi, waliosikilizishwa nyimbo zilizovuma tangu 1955 hadi 2009. Nyimbo za rika lao ziliwagusa sana, kama ilivyotarajiwa. Ila ziliwagusa pia nyimbo za miaka ambayo wazazi wao walikuwa vijana, na za miaka ya 1960, ambazo huenda walizirithi kwa mabibi na mababu. Yeyote aliyehudhuria harusi Tabora ameliona hilo bila maabara: zilipendwa zikipigwa, huinuka hata waliozaliwa bendi zikiwa zimeshanyamaza.

Shule nayo ilikuwa na sehemu yake. Kizazi cha miaka ya Azimio la Arusha kiliamshwa na mchakamchaka, kiranja akiimba mbele na mistari ya wanafunzi ikiitikia kwa hatua. Mpagazi wa karne ya kumi na tisa angeutambua mpangilio ule mara moja. Mapumziko yakifika, wasichana walishikana mikono wakacheza "Ukuti Ukuti", wakazunguka kama mnazi wa pwani chini ya miembe ya Tabora.

Leo simu imempa mtoto uhuru ambao baba yake hakuwa nao. Anachagua mwenyewe bongo fleva, singeli au wimbo wa Nigeria, anauonja kwa sekunde chache, anahamia mwingine. Uhuru huo una faida. Kijana wa Sikonge anaweza kurekodi wimbo bila kupanda treni kwenda Dar es Salaam. Lakini hedifoni zikishaingia masikioni, bibi hasikii anachosikia mjukuu, wala mjukuu hapati bahati ya kuchoshwa na nyimbo za bibi hadi zikamwingia. Na nyimbo za Kinyamwezi ndizo zinazopoteza zaidi, kwa sababu hazina nafasi kubwa redioni wala kwenye simu.

Sauti za zamani zipo. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, Wanyamwezi wakiwemo, na rekodi zake ziko Makhanda, Afrika Kusini. Nakala za sauti hizo zinastahili kufika katika shule za msingi za Tabora, Urambo, Nzega na Sikonge. Walimu wanaowaandaa watoto kwa ngoma za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, wangepata cha kufundishia, na watoto wangeenda nazo nyumbani kumuuliza bibi maana ya kila neno, angali yupo wa kuulizwa.