Kupima Moyo kwa Kifaa cha Kuvaa: Je, Kikavu Kinatosha?

Moyo hudunda kwa nguvu ya umeme mdogo unaozaliwa ndani yake wenyewe. Umeme huo hufika hadi kwenye ngozi, na huko hupokewa na kidude kiitwacho elektrodi. Siku hizi elektrodi zimo hata katika saa za mkononi na mikanda ya kifuani. Je, zinalingana na zile za hospitali?

Ngozi yetu ya juu kabisa ni kavu, nayo huzuia umeme. Chumvi na maji huufungulia njia. Daktari Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, aliwapima watu wakiwa wametumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi.

Elektrodi za jeli. Ni vibandiko vya hospitali, vyenye madini ya fedha na jeli ya chumvi. Hutoa mchoro safi. Lakini jeli hukauka baada ya siku kadhaa, gundi huweza kuwasha ngozi, na kibandiko kikishatumika hutupwa.

Elektrodi kavu. Hizi ni za chuma, raba yenye kaboni, au kitambaa chenye nyuzi za fedha. Jasho ndilo hufanya kazi ya jeli. Ndiyo maana wanariadha huulowesha mkanda kabla ya kuuvaa. Hudumu muda mrefu na hazihitaji gundi. Udhaifu wake ni kwamba zikilegea au mwili ukitikisika, mchoro huvurugika.

Basi kila moja ina mahali pake. Saa yenye kipimo hiki kwa kawaida husoma moyo kwa sekunde 30, kutoka upande mmoja tu. Inaweza kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kuleta kiharusi, na hilo ni msaada mkubwa. Hospitali hutumia vibandiko 10 na kuutazama moyo kutoka pande 12. Shambulio la moyo huweza kupita bila saa kulionyesha.

Kwa hiyo, mtu wa nyumbani mwako akibanwa na kifua, akitoka jasho jembamba au kukosa pumzi, msingojee saa iseme. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama saa inaonyesha kwamba moyo u salama.