Ubao au Vinaili: Sakafu Ipi Yaifaa Nyumba ya Pwani?

Mtu anayejenga Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, akishaezeka na kupiga lipu, hukabiliwa na suala la sakafu, na siku hizi dukani huwekewa mbele yake vitu viwili vinavyofanana kwa sura na kutafautiana kabisa kwa tabia: ubao wa mti wa kweli, na ubao wa vinaili, ambao ni plastiki iliyopigwa chapa ya picha ya mti. Muuzaji humtajia bei na rangi. Lakini aula kuulizwa kwanza ni jambo lisilomo katika bei wala rangi, nalo ni kwamba sakafu zote mbili hutanuka na kunywea, ila ubao hutanushwa na unyevu, ilhali vinaili hutanushwa na joto.

Mti, hata ukishapasuliwa na kukaushwa, hubaki kuwa mirija midogo mno iliyoshikamana mithili ya tita la matete, na kuta za mirija hiyo huvuta maji kutoka hewani hewa inapokuwa na unyevu, na kuyaachia inapokauka. Ubao uliokaushwa tanurini hata maji yake yakabaki asilimia 10 ya uzito wake mkavu, ukiletwa pwani, huendelea kunywa unyevu wa hewa mpaka ufikie asilimia 14 au 15, na unywapo hunenepa. Msaji, ambao wengi leo huuita mtiki na ambao hupandwa Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, husifiwa kwa utulivu wake kuliko miti mingi. Hata hivyo chumba chenye upana wa mita 4, kikitandikwa mbao za msaji zilizo kavu namna hiyo, kitadaiwa nafasi ya takriban sentimita 3 zaidi, na sakafu isipoipata nafasi hiyo kandokando ya kuta, itajinyanyua katikati.

Hapa mnunuzi mwenye hadhari ataugeuza ubao autazame kichwani, mahali ulipokatwa, kwani huko ndiko pete za umri wa mti huonekana dhahiri. Pete zikilala sambamba na uso wa ubao, utatanuka kwa upana karibu mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama wima. Na ingawa ubao wa namna hii ya pili huwa ghali, kwa kuwa gogo hutoa chache, thamani yake huonekana masika yanapoingia. Kadhalika mbao zipangwe ndani ya chumba chenyewe kwa majuma kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kabla fundi hajagonga msumari wa kwanza.

Vinaili ina nasaba nyingine. Mjerumani Eugen Baumann aliielezea mwaka 1872, ikiwa kitu kigumu kisicho na kazi, hata mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa Akron katika Marekani, alipoichanganya na vilainishi ikawa laini ya kukunjika. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini itokanayo na chumvi. Haivuti maji, na mchwa hapati riziki humo. Lakini jua la alasiri likipenya kioo cha dirisha na kuipandisha joto kutoka nyuzi 25 hadi 45, safu ya mita 4 yaweza kurefuka kwa milimita 4 au 5, nayo ikiwa imebanwa na ukuta au kabati zito, viungo vyake hufumuka. Basi nayo hudai nafasi ukutani, na pazia dirishani.

Wengi huichagua kwa kuwa haipitishi maji, wasitanabahi kwamba sifa hiyo ina pande mbili, maana maji ya pwani hayatoki kwenye ndoo iliyomwagika tu, bali hupanda kutoka ardhini kupitia zege, na yakikuta vinaili juu hukosa njia, yakazalisha ukungu na kuachanisha gundi. Kuyajua ni rahisi: chukua kipande cha nailoni, kibandike kwa utepe pande zote nne juu ya zege tupu, ukiache kwa saa 16 au zaidi, kisha chini yake kukiwa na matone, au zege imepiga weusi, usitandike kitu mpaka msingi utibiwe.

Ama kuhusu umri, ubao wenye unene wa milimita 20 waweza kupigwa msasa na vanishi mara kadhaa, ukarithiwa. Vinaili hulindwa na utando wa juu ambao aghalabu haufiki milimita 1, na utando ukiisha, picha huisha nayo. Wala mabaki yake yasichomwe uani pamoja na takataka, kwa sababu klorini ile hugeuka mvuke wa asidi unaounguza mapafu.

Kwa hiyo ghorofani, mbali na ardhi, penye madirisha ya kupitisha upepo, msaji au mninga uliokauka sawasawa unastahili gharama yake. Chini, juu ya zege iliyothibitika kuwa kavu, jikoni na ukumbini penye watoto na maji, vinaili itamtumikia mwenye nyumba kwa bei nafuu. Na zege isiyokauka haifai yoyote kati ya hizi mbili. Kipande cha nailoni, basi, kitangulie safari ya dukani.