Nani Yumo Chumbani Filamu Inapowaka

Kwenye machimbo ya Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, wachimbaji wengi huangalia filamu katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, na filamu yenyewe mara nyingi huja ikiwa imetafsiriwa na DJ. Sauti yake hufunika sauti za waigizaji. Anasimulia, anafafanua na kuchombeza, na mtazamaji anajua mapema nani wa kuogopwa. Ni ufundi mkubwa, na umewafungulia sinema watu wengi wasiojua Kiingereza.

Sasa chukua CODA, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2022, ambayo ndani yake viziwi wameigizwa na viziwi wenyewe. Iweke kibandani. Wanaosikia watafuata kila kitu kwa masikio. Kiziwi wa Rwamgasa ataona Lugha ya Alama ya Marekani, ambayo si ile ya Tanzania, na maandishi chini ya picha, kama yapo, yatakuwa ya Kiingereza. Filamu inayowahusu viziwi itakuwa imemfikia kila mtu isipokuwa yeye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aonyeshe filamu gani ili jamii iwaelewe viziwi au watu wenye usonji, mimi huanza kwa kuuliza nani atakuwemo chumbani, na nani atashika maikrofoni ikiisha.

Kanda ya Ziwa, yaliko machimbo haya, ina funzo lake, lililopatikana kwa damu. Watu wenye ualbino waliuawa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa Bukombe. Filamu mbili zinahusu mauaji hayo ya watu wenye ualbino. White Shadow, hadithi ya kutunga ya mwaka 2013, ilipata tuzo Venice na inatisha kwelikweli. In the Shadow of the Sun ya mwaka 2012, iliyochukua miaka sita kupigwa, inamfuata mwanaharakati Josephat Torner akienda vijijini kuzungumza na watu ana kwa ana. Ningelazimika kuchagua moja ya kupeleka machimboni, ningepeleka hiyo ya pili. Ile ya kwanza inamwacha mtazamaji na huruma na hofu. Kwa Torner anakutana na mtu mwenye hoja, anayekasirika na kudai jibu.

Kuhusu usonji, Rain Man ya mwaka 1988 iliufanya ujulikane duniani, lakini ikawaachia wengi imani kwamba kila mwenye usonji ana kipaji cha ajabu cha hesabu. Imani hiyo haimsaidii mama wa Shinyanga ambaye mtoto wake hasemi, huziba masikio akisikia mashine ya kusaga, na ambaye majirani zake wameshaanza kunong'ona kuhusu uchawi. The Reason I Jump ya mwaka 2020 iko karibu naye zaidi. Inafika hadi Sierra Leone, ambako wazazi wanakabiliana na minong'ono ya aina hiyohiyo, na sauti zake zimepangwa ili mtazamaji aonje jinsi kelele ndogo inavyoweza kumjaa mtu kichwani.

Je, kutazama au kusikiliza pamoja kunabadilisha watu? Nchini Rwanda, mchezo wa redio Musekeweya ulianza mwaka 2004 kwa ajili ya maridhiano. Utafiti wa Elizabeth Levy Paluck, uliochapishwa mwaka 2009, uliona kuwa imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona yapi yanakubalika kwa wenzao, na jinsi walivyotendeana. Walisikiliza kwa makundi, kisha wakazungumza. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya kibanda umiza: mchimbaji anayemsikia mwenzake akimtetea mtoto mwenye usonji mbele ya watu hamsini amepata kitu ambacho simu yake haiwezi kumpa.

Shinyanga ina pa kuanzia maonyesho ya namna hiyo. Shule ya Buhangija inasomesha pamoja watoto viziwi, wasioona na wenye ualbino. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinawajua wakalimani. Mkalimani asimame penye mwanga kando ya skrini, DJ aandike maandishi ya Kiswahili badala ya kusimulia tu, na mjadala uongozwe na kiziwi, mkalimani akiwatafsiria wanaosikia. Kwa watoto wenye usonji, sauti ipunguzwe, taa moja ibaki inawaka, jenereta liwekwe mbali, na mlango uachwe wazi ili anayetaka kutoka na kurudi asiulizwe.