Korti ya Kale na Maji ya Ngome: Somo la Mombasa kwa Mtu wa Eastlands

Wewe wa Kayole, Umoja ama Dandora, korti unayoijua ni Makadara. Maji nayo unayajua kwa mtungi wa lita 20: mfereji ukikauka, unangoja mwenye mkokoteni, na bei ni yake. Siku ukishuka Mombasa, kabla ya kukimbilia bichi, pitia Old Town. Huko korti na maji vinatazamana.

Upande mmoja kuna Old Law Courts, jengo la mahakama la mwaka wa 1902. Siku hizi halisikilizi kesi, ni la maonyesho. Upande wa pili ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Waingereza waliigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Yaani hakimu hapa, jela pale, katikati ni hatua chache tu.

Sasa ingia ngomeni utafute maji. Wareno walitengeneza birika la kukinga maji ya mvua. Waarabu wa Oman waliowafuata wakachimba kisima kirefu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kufulia tu. Usishangae walivyohangaika. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ukiwa umefungiwa humo karibu miaka mitatu, mzinga utakusaidia nini bila maji?

Ndio maana naona majengo haya yanatuhusu. Zamani aliyeshika maji na korti ndiye aliyeshika mji, na raia alinyamaza. Leo mambo ni tofauti, angalau kwa karatasi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa, na hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo. Unaweza hata kushtaki kwa niaba ya kundi zima.

Kwa hivyo mfereji wa ploti ukikauka wiki baada ya wiki, msiishie kulalamika kwa WhatsApp. Andikeni tarehe. Wekeni bili. Pigeni picha za foleni ya mitungi. Pelekeni malalamiko kwa maandishi mbaki na nakala. Mkipuuzwa, Mahakama Kuu iko Milimani.

Korti ya 1902 imebaki ya kutazamwa. Hizi za leo ni za kutumiwa.