Kabla ya kuvusha katoni za tyubu, uliza zinakwenda kufungwa wapi

Dada yangu anashona sare za shule nyumbani kwake Kimaka, Jinja, upande ule wa kiwanja kidogo cha ndege. Chumba chake cha kazi kina vyerehani vitatu, meza ya kukatia na taa nne za tyubu zilizofungwa miaka mingi iliyopita. Muhula uliopita alipata oda ya sketi thelathini za bluu iliyokolea, akazishona kwa siku tatu, sehemu kubwa ya kazi ikifanyika usiku. Asubuhi ya kupeleka mzigo alizitoa nje kuzipiga pasi. Kumi na moja zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi. Chini ya taa zake, mweusi na bluu vilikuwa kitu kimoja. Alizifumua zote, na faida ya oda ikaishia hapo.

Aliniomba nimletee tyubu mpya nikirudi kutoka Nairobi. Nami, kama wengi wetu tunaopita Busia, niliangalia urefu na bei. Nikachagua za bei ya chini kabisa. Tulipozifunga, chumba kiling'aa zaidi, lakini uzi mweusi na wa bluu uliendelea kufanana. Nilikuwa nimemnunulia taa ileile iliyomtia hasara, tofauti yake ni upya tu.

Kosa langu lilikuwa kutosoma namba. Kwenye ncha ya tyubu nzuri, baada ya wati, kuna namba tatu kama 765, 840 au 865. Namba ya kwanza inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu: 7 ni takriban 70 kati ya 100, 8 ni 80 na kuendelea. Namba mbili za mwisho ni rangi ya mwanga wenyewe: 65 ni kelvini 6500, mweupe wa kuelekea bluu, 40 ni kelvini 4000, mweupe uliotulia. Watu wengi huchagua 65 kwa sababu dukani inaonekana kali. Lakini mwanga mkali si lazima uonyeshe rangi vizuri. Kwa fundi cherehani, mpaka rangi au mchapaji wa fulana, namba ya kwanza ndiyo ya kuulizwa kabla ya zote.

Kisha kuna wingi wa mwanga, unaopimwa kwa lumeni. Tyubu ya wati 36 yenye namba 765 hutoa takriban lumeni 2,500 ikiwa mpya, na ya 840 hutoa zaidi ya 3,300. Umeme ni uleule, lakini mwanga si sawa. Tyubu ya LED ya wati 18, ambayo ndiyo inayouzwa kama mbadala wake, mara nyingi hutoa kati ya 1,600 na 2,100. Inaonekana ndogo, lakini tyubu ya kawaida humwaga mwanga pande zote, na mwingi hupotelea juu. LED huuelekeza chini kwenye meza. Chini ya mabati yasiyo na dari, kama kwa dada yangu, LED haipungukiwi sana. Kwenye chumba chenye dari nyeupe inayorudisha mwanga, huenda mteja akahitaji taa moja zaidi. Boksi lisiloandikwa lumeni, liache.

Jambo la tatu ni umeme wenyewe. Jinja ni mji wa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa hapa mwaka 1954. Hata hivyo, jirani wa bwawa naye huona umeme ukishuka jioni. Tyubu ya choki na stata ikikosa volti za kutosha hupepesa tu bila kuwaka, na kila kupepesa kunaila stata na kuzitia weusi ncha za tyubu. LED iliyoandikwa volti 85 hadi 265 huendelea kuwaka. Mteja wa Kimaka au wa vijiji vya Mbale atakushukuru zaidi kwa maandishi hayo kuliko kwa punguzo la bei.

Fundi mwenye mashine inayozunguka, kama ya kuchongea mbao au kunolea vyuma, ana sababu nyingine ya kuwa makini. Tyubu ya choki kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini chini ya mwanga huo gurudumu linaloenda kasi linaweza kuonekana kama limesimama. Vidole vimeshapotea kwa njia hiyo. LED yenye kifaa kizuri cha kurekebisha umeme ndani yake haipepesi namna hiyo. Ya bei ya chini mno inaweza kupepesa vilevile. Ijaribu dukani kwa kamera ya simu: mistari myeusi ikitembea kwenye kioo cha simu, usinunue.

Sasa hesabu. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake hula takriban wati 45. LED hula 18. Tofauti ni wati 27. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 za mwezi, kila taa inaokoa uniti 5.6. Taa nne ni zaidi ya uniti 22. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye risiti yako ya Yaka, utajua taa zitajilipa baada ya miezi mingapi.

Kwa mfanyabiashara kuna hesabu nyingine, ya tarehe. Taa za tyubu zina zebaki, sumu isiyohitaji kuwa nyingi ili idhuru. Novemba 2023 huko Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba tyubu za unga wa zamani, kama zile nilizomletea dada, zisitengenezwe, zisiingizwe wala kupelekwa nje baada ya mwaka 2026, na zile zinazoanza na 8 zifuate baada ya 2027. Nchi za Afrika ndizo zilizolisukuma jambo hili, kwa hofu kwamba taa zinazofungiwa milango kwingine zitamwagwa kwetu. Ulaya ilizifungia soko tyubu za kawaida Agosti 2023. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zote zimeridhia mkataba huo. Kwa hiyo ukiona katoni zinauzwa kwa bei ya kutupa, jiulize nani anatupa na nani atabaki nazo.

Mpakani napo kuna mazoea ya kusahihisha. Utaratibu rahisi wa Jumuiya, wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, una cheti chake cha uasilia, lakini ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Taa iliyotoka China haibadiliki kuwa ya Kenya kwa kulala usiku mmoja kwenye duka la Nairobi. Panga ushuru wake tangu mwanzo, na uulize kuhusu viwango kabla ya kulipia mzigo. Anayepita njia ya panya na vioo mabegani ana hatari mbili. Tyubu ikivunjika, fungua madirisha, toka kwa robo saa, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye maji. Usifagie.

Kwa dada tulifunga LED nne za kelvini 4000, zenye uaminifu wa rangi zaidi ya 80. Fundi umeme alizima swichi kuu kwanza, akaondoa choki na stata, kisha akasoma mchoro kwenye boksi. Kuna LED inayopokea umeme ncha moja na nyingine inayopokea ncha zote mbili. Ukichanganya, unaweza kuunguza taa au kurushwa na umeme. Mwisho alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye kila fitingi: LED TU, USIWEKE TYUBU. Maana siku moja atakuja mtu mwingine na ngazi, akiwa na tyubu ya zamani mkononi, asijue kwamba nyaya za humo zimebadilishwa.

Jioni ile dada aliweka pindo la sketi mezani, na nyuzi mbili juu yake. Akauokota wa bluu bila kutoka nje.